Koko wangu na maganda mapya ya risasi: siku aliyopanda msitu wa Meru enzi za Mjerumani

Wakuu, heshima kwenu wote. Wazee mliomo humu shikamooni, vijana poleni na majukumu.

Ninachoandika hapa sikukitunga. Nimekisikia kwa aliyekipitia mwenyewe, jikoni kwake, mara nyingi hata sikumbuki ni ngapi. Kila mara alikieleza vilevile. Atakayeamini aamini, asiyeamini apite kwa amani, hatugombani.

Juzi kijana wangu alinionyesha video kwenye simu. Mzungu mmoja huko kwao anatayarisha maganda mapya ya risasi kabla ya kuyajaza baruti. Anakata kidogo, anasugua, anachungulia ndani, anapitisha kidole.

Kijana akacheka. "Baba, huyu ana muda wa kuchezea. Si mapya hayo?"

Mimi sikucheka. Ile mikono niliijua. Ilikuwa mikono ya koko.

Kwa wasiojua, sisi Waarusha bibi tunamwita koko. Mimi nimezaliwa Moshono, wakati Moshono ni migomba, ng'ombe na vijia vya udongo mwekundu, siyo hii Moshono ya mageti na vyumba vya kupanga. Nimelelewa na koko mzaa baba. Jina lake Naserian.

Koko hakunywa chai kabla hajapitisha kidole kwenye mdomo wa kikombe. Taratibu, mzunguko mzima, macho yakiwa mbali. Nikiwa mdogo nilidhani ni dua ya Kimaasai. Siku moja nikamuuliza, na ndiyo siku niliyopewa habari hii kwa mara ya kwanza.

Sasa twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya Mjerumani. Boma lilikwishajengwa pale mjini, kodi ya kichwa ilikwishaanza, na wazungu walikwishakata mashamba ya kahawa upande wa mashariki, kuelekea Nduruma na kwingineko. Koko alikuwa ameolewa muda si mrefu na babu yangu, Loishiye. Alikuwa bado anavaa ngozi, na mikononi ana nyaya za shaba zimezunguka kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko.

Loishiye alipata kazi kwa mzungu mmoja mwenye shamba juu ya mto Nduruma, karibu na msitu. Watu walimwita Bwana Mrefu, jina lake la kweli koko hakuwahi kuliweza. Kazi ya babu ilikuwa kumbebea bunduki. Bwana akienda porini, yeye anatembea nyuma yake hatua chache, bunduki begani, mfuko wa risasi kiunoni.

Koko akafuata mumewe, akaingia kwenye kuchuma kahawa.

Bwana Mrefu alikuwa na mke, aliitwa Bibi Ana. Mwanamke mwembamba, mweupe kama maziwa, na wakati ule alikuwa mjamzito wa miezi mikubwa. Hakuwa na mtu wa kuongea naye. Mumewe alishinda shambani, na jirani wa rangi yake alikuwa mbali.

Siku moja Bibi Ana alipita kwenye mibuni, akasimama kwa koko. Koko alikuwa amekaa chini wakati wa mapumziko, anatunga ushanga. Bibi Ana akatazama vile vidole kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswahili alichojifunza kwenye kitabu kabla hajapanda meli:

"Wewe, vidole vizuri. Njoo nyumbani. Kazi ndogo."

Koko alielewa neno moja tu, "njoo". Alikuwa anajua Kimaasai peke yake na Kiswahili cha salamu.

Akaenda.

Barazani kulikuwa na meza ndefu, na juu yake sanduku la mbao limejaa unga wa mbao. Bibi Ana akaingiza mkono ndani ya ule unga, akatoa kitu kinang'aa.

Koko anasema moyo wake uliruka. Alidhani ni mapambo. Shaba ya njano, laini, ina kitako upande mmoja na upande wa pili iko wazi kama kibuyu kidogo. Akakisogeza kwenye nyaya za mkononi mwake, akaona rangi ni moja.

Yalikuwa maganda ya risasi. Mapya kabisa, matupu, hayajaona baruti.

Ngoja niwaeleze hapa kidogo, maana najua humu kuna vijana watauliza. Bunduki ya yule Bwana ilikuwa ya kizamani, ya kukunja katikati, inameza risasi moja tu. Ukipiga, unaikunja, unatoa ganda, unaweka lingine. Risasi zake hazikupatikana madukani kwa Wahindi mjini. Kwa hiyo aliagiza maganda matupu kutoka kwao, yanakuja na meli mpaka Tanga, yanapanda gari la moshi, halafu mkokoteni wa ng'ombe mpaka hapa. Kujaza wanajaza wenyewe nyumbani: fataki kwenye kitako, baruti ndani, risasi mdomoni.

Lakini ganda jipya halijazwi hivihivi. Safari imelibonda, mdomo umekuwa kama yai. Ukingo wake una makali yaliyobaki kiwandani, yanakwangua risasi. Tundu la fataki lina uchafu wa shaba. Na jambo kubwa zaidi, kiwandani mengi yaliachwa marefu kidogo, ili kila mwenye bunduki ayakate kwa kipimo chake. Lisipokatwa, linaingia kwenye bunduki lakini bunduki haifungi.

Hiyo ndiyo kazi iliyoitwa ndogo.

Bibi Ana alimfundisha bila maneno. Anachukua ganda, anasukuma ndani yake kijiti cha chuma kilicholainishwa, mdomo unarudi kuwa duara. Anachukua tupa, anakata urefu, mwendo mmoja mmoja. Anazungusha kisu kidogo ndani na nje, ukingo unalainika. Anasafisha tundu kwa sindano. Mwisho anapitisha kidole.

Kisha kuna kipande cha mtutu wa zamani, kimekatwa na kufungwa mezani. Ganda likitayarishwa vizuri, unalidondosha humo, linazama mpaka kitako kinalala sawa. Linatoa sauti: tk.

Likiwa refu, linasimama. Halina sauti.

Koko alikuwa akifika hapo anainua kidole. "Tk," ananiambia. "Umesikia?" Na mimi, wallahi, nilikuwa naisikia, jikoni kwetu Moshono, katikati ya moshi.

Basi wale wanawake wawili wakawa wanakaa barazani kila siku. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani, unaingia mpaka chini ya meza, miguu yao haionekani. Oldonyo Orok, mlima mweusi, ndivyo tunavyouita Meru, unakuwa haupo kabisa. Halafu jua linapanda, ukungu unachanika, na mlima unatokea kidogo kidogo kama mtu anayeamka.

Maganda yakishaoshwa kwa maji ya moto na magadi, wanayapanga juu ya kitambaa cheupe yakauke, midomo juu. Upepo wa mto ukipita, yanalia. Siyo sauti kubwa. Kama mtu anapuliza filimbi akiwa usingizini, mbali sana.

Bibi Ana alikuwa anafumba macho akisikiliza, mkono tumboni.

Koko alikuwa ananiambia, "Mjukuu wangu, mimi Kiswahili nilikipatia pale." Na ni kweli. Bibi Ana anashika ganda anasema "mdomo". Koko anasema "mdomo". Halafu Bibi Ana anaonyesha mdomo wake mwenyewe, wanacheka. "Kitako." Wanacheka zaidi. Koko naye akamfundisha maneno ya Kimaasai, lakini yaligoma kukaa kwenye ulimi wa mzungu.

Siku moja Bibi Ana alimuuliza, "Naserian, wewe ogopa? Mume kwenda porini?"

Koko akafikiri. Kiswahili chake kilikuwa bado kidogo. Akashika ganda lililokamilika, akasema, "Hii nzuri, mimi lala. Hii mbaya, mimi lala hapana."

Bibi Ana hakucheka siku hiyo. Alimshika mkono. Wote wawili waume zao walikuwa wanatembea nyuma ya bunduki moja.

(Narudi jamani, ndama amekata kamba.)

Naendelea. Samahani kwa kuwasubirisha.

Kulikuwa na mbogo. Dume la pekee, limefukuzwa na kundi lake, linashuka kutoka msituni na kulala kwenye migomba ya watu. Pembe moja ilikuwa imevunjika ncha. Watu walilijua kama wanavyomjua jirani mkorofi. Walipiga debe, waliwasha moto, likaondoka na kurudi.

Alasiri moja likamkuta mama mmoja akichota maji, likamvunja. Hakufa, lakini hakutembea tena.

Habari zilifika shambani wakati koko na Bibi Ana wamekwenda mtoni kufua vitambaa. Bwana Mrefu alikuwa mtu wa haraka, kila kitu chake ni sasa hivi. Akaingia barazani. Mezani kulikuwa na sinia mbili, zote zimefunikwa vitambaa kwa ajili ya vumbi. Moja ina maganda yaliyokamilika. Nyingine ina mapya, yametolewa tu kwenye sanduku na kufutwa unga.

Zote zinang'aa sawa.

Akavuta sinia iliyokuwa karibu. Akajaribu ganda moja kwenye bunduki, likaingia, bunduki ikafunga. Akaridhika. Akajaza fataki, baruti, risasi, akatia kwenye mfuko.

Alfajiri, yeye na Loishiye wakaondoka kufuata nyayo.

Koko alimuona mumewe akiondoka. Alimpa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Loishiye akanywa, akafuta mdomo, akamwambia, "Likiwa pale kwenye dimbwi la juu nitarudi mapema. Nibakishie loshoro."

Maneno ya kawaida kabisa; loshoro ni chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Koko alisema hakuwa na wasiwasi wowote. Alijua kazi yake.

Jua lilipochomoza akaenda barazani kama kawaida. Bibi Ana alikuwa ameshafika, amesimama, hajakaa. Mbele yake sinia moja imejaa, nyingine nusu yake haipo.

Alikuwa anapitisha kidole kwenye yale ya sinia iliyojaa. Moja. Lingine. Lingine.

"Naserian," akasema. "Haya mazuri."

Koko hakuelewa. Kweli mazuri, ndiyo yale waliyoyamaliza.

"Haya hapa," Bibi Ana akasema tena, sauti ikikatika. "Haya mazuri yako hapa. Yeye chukua yale."

Akachukua moja kutoka sinia ya pili, akalidondosha kwenye kile kipande cha mtutu. Likasimama. Halina sauti. Akachukua lingine. Likaingia. La tatu likasimama.

Koko anasema ukungu uliingia kichwani mwake. Aliona meza, aliona kitambaa, aliona mikono ya Bibi Ana, lakini kama vyote viko chini ya maji.

Bibi Ana hakupiga kelele. Alikaa. Alivuta kopo la baruti na kile kikombe kidogo cha kupimia, akaanza kujaza, yeye mwenyewe na tumbo lake lile, machozi yanadondoka pembeni ili yasiloweshe baruti. Alikwisha kumsaidia mumewe mara nyingi, mikono ilikumbuka. Koko anampa ganda, yeye anajaza, koko anampa lingine.

Wanaume wa shamba walikuwa wametawanyika mashambani, na nani angekubali kumfuata mbogo msituni bila silaha kwa sababu ya maneno ya wanawake wawili?

Koko akafungua kimfuko cha ngozi alichowekea ushanga wake. Akamwaga ushanga wote mezani. Akatia risasi.

Bibi Ana akamshika bega. "Wewe jua njia?"

"Mimi jua dimbwi."

Hakulijua. Alikuwa amelisikia tu mumewe akilitaja jikoni. Alijua ni juu, unafuata maji.

Wakuu, mimi nimepanda huko nikiwa kijana. Leo ni hifadhi, kuna njia na kuna walinzi. Lakini hata leo, ukiingia chini ya ile miti, mchana unageuka kuwa kitu kingine. Miti imevaa ndevu za kijani, zinachuruzika. Ardhi ni laini, hatua yako huisikii. Mbega wanaruka juu na ile mikia yao myeupe, kama kuna watu wanatikisa vitambaa wakikuaga.

Sasa fikirieni enzi zile. Mwanamke peke yake, nyaya za shaba mkononi, mfuko wa risasi kifuani.

Alifuata maji. Alianguka, akaamka. Majani ya kuwasha yalimchoma miguu, hakuyasikia. Anasema msitu ulikuwa mzuri kupita siku zote, na uzuri ule ndio uliomtia hofu, kwa sababu aliona kama unamwambia apunguze mwendo, akae, apumzike. Kulikuwa na maua mekundu juu ya jiwe. Alitamani kuyagusa. Alijisikia kama mtu anayeota ambaye anajua anaota, ila mlango wa kutokea hauoni.

Alijizuia kwa kuhesabu maneno ya Kiswahili. Mdomo. Kitako. Tundu. Tupa. Kila hatua neno.

Ndipo aliposikia bunduki.

Mara moja.

Mlio ulizunguka kwenye bonde ukarudi, ukaondoka tena. Koko akasimama kusubiri wa pili. Mwindaji yeyote akimpiga mbogo anapiga mara ya pili, hilo hata watoto walilijua.

Wa pili haukuja.

Akakimbia.

Alitokea juu ya ukingo wa dimbwi. Chini yake kulikuwa na uwazi mdogo, tope na mafunjo. Bwana Mrefu alikuwa amelala kando, ameegemea gogo, mkono mmoja umekaa vibaya, uso hauna damu. Loishiye alikuwa katikati ya mizizi ya mkuyu mkubwa, ile mizizi inayosimama kama kuta. Bunduki iko mikononi mwake, imekunjwa. Anatia risasi, anasukuma, haifungi. Anaing'oa kwa kucha, anatupa, anatia nyingine.

Pale miguuni mwake, kwenye majani meusi yaliyooza, risasi zilikuwa zimetawanyika zinang'aa. Koko alisema zilipendeza. Ndivyo alivyosema, na macho yake yakajaa maji, baada ya miaka yote ile.

Mbogo alikuwa upande wa pili wa mkuyu. Ameumizwa begani. Anapumua kwa sauti, anazunguka mti polepole, hana haraka.

Koko akaita, "Loishiye!"

Wote watatu wakageuka. Mumewe, Bwana, na mbogo.

Mbogo akamtazama. Anasema alikuwa na macho ya mzee aliyekatizwa maneno. Kisha akaacha mti, akaanza kupanda ule ukingo kumfuata yeye.

Koko akarusha mfuko. Ulipita juu ya pembe za mnyama, anasema aliuona unaelea, unazunguka, hauna uzito, na akawaza, ukianguka kwenye maji basi. Ukashukia kati ya mizizi. Loishiye akaudaka kwa kifua.

Ukingo ulikuwa unateleza. Mbogo alipanda, akateleza, akapanda tena. Koko hakukimbia. Alikuwa karibu kiasi cha kuona matone ya ukungu kwenye nyusi za mnyama.

Halafu akasikia.

Tk.

Mdogo kabisa, katikati ya yale yote. Bunduki imefunga.

Aliniapia kwamba mlio wenyewe wa bunduki hakuusikia. Alisikia "tk", na baada ya hapo alimuona mbogo anapiga magoti mbele yake, taratibu, kama ng'ombe anayelala jioni zizini.

Loishiye alipanda mbio. Akasimama mbele yake anahema. Mwanaume wa Kiarusha wa enzi zile hamkumbatii mkewe hadharani, tena mbele ya mzungu. Akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akaitazama viganja. Akauliza, "Umefuata nini huku?"

"Loshoro itapoa," koko akamjibu.

Alipofika hapo koko alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Alisema hakujua neno lile lilitoka wapi.

Walimbeba Bwana kwa zamu, wakamwegemeza begani, wakateremka naye mpaka wakakutana na watu wa shamba waliokuwa wanapanda. Bibi Ana aliwatuma hatimaye, aliwatisha mpaka wakaenda. Mwenyewe alikuwa amesimama mwisho wa shamba, kwenye mpaka wa msitu, amefunga kitambaa kichwani.

Alimpita mumewe. Nasema alimpita, wakuu, akiwa amebebwa. Akaenda kwanza kwa koko. Akamshika uso. Akajaribu kusema, Kiswahili chote kikamkimbia, Kijerumani nacho kikamkimbia. Akabaki anaitikia kwa kichwa tu.

Ndipo akarudi kwa mumewe.

Sasa hapa kuna jambo ambalo huwa linaniuma kidogo. Bomani Bwana alisema yeye ndiye aliyemuua mbogo. Mtu mweusi kupiga bunduki ya mzungu ilikuwa kesi, na kiboko pale hakikuwa na likizo. Babu alinyamaza. Kwa hiyo alipigiwa makofi Bwana, na pembe ile iliyovunjika ncha ikatundikwa ukutani kwake.

Nilipokuwa kijana hasira zilinipanda. Nikamwambia koko, "Alikudhulumuni."

Akanitazama kama anamtazama mtoto anayelilia mwezi. "Mume wangu alirudi anatembea kwa miguu yake. Ulitaka na pembe?"

Ila Bwana hakuwa mtu mbaya moja kwa moja. Mkono ulipoanza kupona alimwita Loishiye, akampa mtamba mwekundu. Loishiye akampeleka yule mtamba mpaka Moshono, na mbele ya baba yake na kaka zake akasema, "Huyu si wangu. Huyu ni wa Naserian."

Mnaojua mila zetu mnaelewa uzito wa neno lile. Wazee waligeuka wakatazamana. Baba yake akamwambia, "Mwanangu, mwanamke hupewa maziwa, hapewi ng'ombe." Loishiye akajibu kwa heshima, "Baba, nilikuwa nimekwisha kufa. Aliyenipa roho mimi nimpe maziwa tu?"

Mzee akasimama, akasogea. Kisha akatema mate ya baraka kwenye paji la yule mtamba, na habari ikaishia hapo.

Bibi Ana alijifungua mtoto wa kike barazani, si hospitali wala nini, koko akiwa ndiye aliyemshika. Kazi ya maganda ikaendelea. Safari hii Bwana akawa hagusi sinia kabla hajauliza.

Halafu ikaja vita ya wazungu. Bwana alichukuliwa, hakuonekana tena. Waingereza walipoingia, Bibi Ana na mtoto walipakiwa kwenye mkokoteni. Koko alitembea pembeni ya gurudumu kutoka Nduruma mpaka njia kuu, wakiongea Kiswahili chao kile kibovu, cha wanawake wawili wageni wa lugha. Sikuwahi kujua walisema nini. Nilipomuuliza, aliniambia, "Tuliongea mambo ya mtoto, meno na homa." Kisha akaongeza, "Mkokoteni ulikwenda polepole sana. Nilishukuru."

Hawakuonana tena.

UPDATE: Kuna mkuu ameniuliza kama tuna ganda hata moja nyumbani. Hatuna. Koko hakubeba hata moja, na mimi pia nilishangaa. Mwingine ameuliza babu alifia wapi. Alifia kitandani kwake Moshono, mzee, ananung'unika kuhusu mvua.

Funzo langu mimi, nililolipata ukubwani, ni kwamba kipya na tayari ni vitu viwili. Gari jipya, kazi mpya, ndoa mpya, mtoto wa mwenzio uliyemuajiri juzi. Vinang'aa, unaona basi, twende. Kumbe vinahitaji mtu avikalie, avipitishie kidole, avisikilize. Ndoa yangu ya kwanza ilivunjika kwa sababu hakuna aliyekaa barazani. Hiyo ni stori nyingine na siiandiki.

Muda mfupi kabla hajaondoka duniani, koko alikuwa amelala kwenye chumba cha nyuma, dirisha linatazama mlimani. Nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote. Nikasema, "Koko, pale kwenye ukingo, uliogopa?"

Aligeuza kichwa dirishani, akautazama mlima.

"Njiani niliogopa," akasema. "Niliogopa kuchelewa. Nilipofika, sikuwa na cha kuogopa tena."

Nimeishia hapo wakuu. Waliolelewa na koko, na bibi, na nyanya, hebu semeni: mikono yao ilikuwa na kawaida gani ambayo hamkuwahi kuuliza ilitoka wapi? Na kama kuna mtu wa Nduruma humu ambaye wazee wake waliwahi kutaja mbogo mwenye pembe iliyovunjika, aandike. Wabishi pia karibuni, mimi niko barazani, chai ipo, na mlima leo uko wazi mpaka juu.